Somo Kahamia Kicheni Pati, Binti wa Miaka 14 Anaongea na Nani?

Jumapili usiku, chakula kimeshaliwa, mko sebuleni mnaangalia tamthilia. Wewe, mwenzi wako, mtoto wenu wa miaka miwili anayesinzia mapajani, dada wa kazi, na mdogo wake mume aliyekuja Januari kutoka Singida kusoma sekondari hapa mjini. Ana miaka 14. Kwenye runinga jamaa anamvuta mpenzi wake kuelekea chumbani, muziki unapungua. Ghafla kila mtu anapata shughuli. Mmoja anakohoa, mwingine anakumbuka simu yake iko chaji, na mwenye rimoti anakimbilia taarifa ya habari ambayo siku zote huwa haiangalii. Binti kainamia daftari kana kwamba hajaona kitu. Kaona.

Mjadala unaanza chumbani, kwa sauti ya chini. Mke anasema inabidi aongee naye, mtoto kashavunja ungo na vijana wa mtaani wameanza kumsindikiza kwa macho. Mume hataki hata kusikia. "Ukimwambia ndiyo utakuwa umemfungua. Mwache asome." Mke anamuuliza kama kweli anadhani mtoto wa kidato cha pili yuko gizani. Taa inazimwa, mmoja anageukia ukutani, na kesho yake hakuna aliyesema lolote.

Kama nyumba hiyo huijui, una bahati. Wengi wetu tunaishi humo.

"Mimi sina mtoto mkubwa"

Ukiwa na miaka 30 na mtoto mmoja wa chekechea, ni rahisi kuona kwamba habari za mimba za utotoni ni za watu wengine: wazazi wa vijijini, walimu, serikali. Lakini hebu hesabu vichwa vitakavyolala kwako leo. Wanandoa wengi vijana wa mjini wanaishi na kijana ambaye si wa kumzaa: mdogo wa mume, mpwa wa mke, binamu anayesoma chuo cha ufundi, dada wa kazi ambaye mlipomuuliza umri alisema 18 na wote mkakubali haraka haraka kwa sababu mlikuwa na shida ya msaidizi. Wazazi wa hawa wako mbali. Mama yake alipompandisha basi alikukabidhi wewe, na hakukukabidhi ada na madaftari peke yake.

Sasa tazama ukubwa wa jambo lenyewe. Utafiti wa taifa wa demografia na afya wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 27 ya wasichana wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19 wameshazaa au wana mimba ya kwanza. Mkoani Katavi ilikuwa asilimia 45. Utafiti wa 2022 ukakuta kwa taifa zima imeshuka hadi 22. Tushukuru, lakini hiyo bado ni zaidi ya msichana mmoja katika kila watano. Na shule ina nguvu zake: katika ule wa 2015-16, kati ya wasichana wa umri huo ambao hawakusoma kabisa, zaidi ya nusu walikuwa wameshaanza kuzaa, kati ya waliofika sekondari ilikuwa kama asilimia 10. Shule inamkinga binti na mimba, na mimba inamtoa binti shule. Vyote viwili ni kweli kwa pamoja.

Halafu kuna mwili wenyewe. Shirika la Afya Duniani linayataja matatizo ya ujauzito na uzazi miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wasichana wa miaka 15 hadi 19 duniani. Mama mwenye umri mdogo yuko kwenye hatari zaidi ya kifafa cha mimba, na mtoto wake ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Hapo hatujagusa suala la aibu wala ndoto zilizokatika.

Somo yuko wapi?

Wapo wanaodhani kimya chetu tumekirithi kwa wazee. Wapi! Wazee walikuwa wanaongea, tena waziwazi kuliko sisi, ila walijua nani aongee na nani. Mama hakuzungumza mambo ya mwili na binti yake, baba ndiyo kabisa. Kazi hiyo ilikuwa ya somo au kungwi, mara nyingi shangazi, bibi, au mama wa jirani anayeaminika. Kwa Wazaramo, binti akishavunja ungo aliwekwa ndani akawa mwali, kwa miezi kadhaa na zamani hata mwaka au zaidi, akifundishwa kwa nyimbo na mafumbo, akikabidhiwa na mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti ambacho mwali hukilea kama mwanawe. Mtafiti kutoka Finland, Marja-Liisa Swantz, aliishi Bunju miaka ya 1960 na kuandika kwa kirefu kuhusu mambo hayo. Bunju hiyo hiyo! Leo watu wanajenga huko nyumba zenye mageti ya umeme, na ndani yake hakuna anayethubutu kutamka neno "hedhi" mbele ya baba.

Visiwani, Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu. Nyumbani Unguja walimjua pia kama mwalimu wa unyago mwenye ngoma yake, mwanamke asiyeogopa kuita kitu kwa jina lake.

Nisieleweke vibaya, sisemi turudishe unyago kama ulivyokuwa. Sehemu kubwa ya mafunzo yale ilikuwa namna ya kumtunza mume, na mume mwenyewe alikuwa njiani. Binti alitoka ndani kashaambiwa yeye sasa ni mkubwa, akaozwa. Mpaka leo zipo sehemu za Lindi na Mtwara ambako watoto wa shule ya msingi huchezwa wakati wa likizo, wakarudi darasani wamebeba mafunzo ya watu wazima. Ninachosema ni kwamba tumeifuta ile nafasi na hatukumpanga mtu mwingine wa kuishika.

Au tuseme tumemhamisha aliyeishika. Somo wa mjini siku hizi unampata kicheni pati. Analipwa, anakuja na khanga zake na maneno yake makali, ukumbi umejaa akina mama wenye sare, na bibi harusi wa miaka 28 mwenye shahada ya uhasibu anafundishwa usafi wa mwili na jinsi ya kumpokea mume akitoka kazini. Watu wanavunjika mbavu. Raha tupu, na mimi mwenyewe sipendi kukosa. Lakini hebu piga hesabu. Mafunzo yaliyokuwa yanatolewa mtu akiwa na miaka 13 yamesogezwa mbele miaka 15, hadi wiki mbili kabla ya harusi, kwa mtu ambaye, tukisema ukweli, mengi kati ya hayo anayajua. Na mlangoni pale kuna mtu amewekwa kuzuia watoto wasiingie.

Upande wa wavulana ni hivyo hivyo. Tohara mtoto anafanyiwa hospitalini, anapona, anarudi kucheza mpira. Ni salama zaidi na hakuna anayetaka kurudi porini. Ila kule jandoni kisu hakikwenda peke yake. Palikuwa na wazee waliokaa na vijana wakawaambia mambo. Kisu tumekichukua, maneno tumeyaacha.

"Tabia mbaya"

Sikiliza maneno yanayotumika nyumbani. Mtoto wa Kiswahili hujifunza kwamba tendo la ndoa linaitwa "tabia mbaya" au "matusi". Viungo vya mwili ni "huko chini", "kidudu", "mbele". Ndiyo maneno pekee tuliyompa. Sasa siku jirani, mjomba au mwalimu anapomshika mahali pasipostahili, anatakiwa aje akuambie nini? Kwamba amefanyiwa tabia mbaya? Kwa masikio yake hiyo ni sawa na kukiri kosa lake mwenyewe.

Tazama pia vitenzi vyetu. Binti "kapewa mimba", "katiwa mimba", "kapachikwa mimba", "kaharibiwa". Vyote ni vya kutendwa, na kitenzi cha kutendwa hakimdai mtu jina la mtenda. Mimba inaonekana kama mafua, imempata tu. Halafu papo hapo, yule yule ambaye kwa sarufi hakufanya chochote, ndiye anayeitwa malaya na kufungiwa virago. Huwa najiuliza kama tungezoea kusema "fulani kampachika fulani mimba", na jina la huyo fulani wa kwanza likatajwa, mazungumzo ya mtaani yangekuwaje.

Mlango wa shule

Kwa miaka mingi serikali na familia zilikubaliana katika jambo moja: binti mwenye mimba atoke. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu shule kumfukuza mwanafunzi kwa kosa la kimaadili au kwa kuolewa, na mimba ikahesabiwa humo. Vipimo vya mimba vya lazima vikawa jambo la kawaida katika shule nyingi. Ripoti ya Center for Reproductive Rights ya mwaka 2013 ilisema zaidi ya wasichana 55,000 walikuwa wamefukuzwa shule kwa ajili ya mimba katika muongo mmoja. Juni 2017, akiwa Chalinze, Rais John Magufuli alitamka kwamba katika utawala wake aliyepata mimba hatarudi shuleni. Mtakumbuka jinsi nchi ilivyogawanyika. Maofisini, kwenye daladala, na kwenye ndoa pia.

Novemba 24, 2021, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako akatangaza kwamba zuio limeondolewa, kwa Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo, na mwanzoni mwa 2022 ukatoka mwongozo wa kuwarejesha shuleni waliokatiza masomo. Zanzibar ilikuwa imeshatangulia. Upande wa ndoa, Rebeca Gyumi alishinda Mahakama Kuu mwaka 2016 alipopinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa na miaka 15, hata 14 kwa idhini ya mahakama. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani nayo ikakubaliana naye.

Kwa hiyo serikali imebadilika kwa kiasi chake. Mlango wa shule umefunguliwa. Midomo nyumbani ndiyo bado imefungwa.

Ukimfundisha, ataanza?

Hii ndiyo hofu ya yule mume, na haifai kuichekea. Wazazi wengi wanaipata, wenye dini na wasio na dini. Jibu la watafiti ni kwamba hapana. Mwongozo wa UNESCO kuhusu elimu ya jinsia, toleo la 2018, ulipitia tafiti za nchi nyingi na haukuona kuwa vijana wanaofundishwa wanaanza mapema au wanazidisha.

Lakini upo upande wa pili ambao wanaharakati wetu hawapendi kuusema kwa sauti, na mfano wake mzuri uko hapa hapa nyumbani. Mwaka 1999 mkoani Mwanza ulianza mradi ulioitwa MEMA kwa Vijana. Vijiji viligawanywa katika maeneo 20. Katika 10 kati ya hayo watoto wa darasa la tano hadi la saba walifundishwa afya ya uzazi na walimu wao, wahudumu wa zahanati wakafundishwa kuwapokea vijana bila kuwakaripia, na kondomu zikapelekwa vijijini. Maeneo 10 mengine yakaachwa yalivyo, ili walinganishe. Baada ya miaka mitatu vijana waliofundishwa walikuwa wanajua mengi zaidi, na walikuwa na mitazamo bora zaidi. Ila maambukizi ya VVU hayakupungua, wala mimba. Watafiti walirudi mwaka 2007 na 2008, wakapima vijana kama 14,000. Ujuzi ulikuwa bado upo kichwani. Maambukizi yalikuwa yale yale.

Wapo waliotumia matokeo hayo kusema elimu ni kazi bure. Mimi nayasoma tofauti. Hofu ya yule mume imejibiwa: hawakufunguliwa macho wakaharibika. Imejibiwa pia ndoto ya wale wanaodhani kipindi kimoja cha Baiolojia na mchoro wa kizazi ubaoni vitamaliza kazi. Binti anaweza kujua kila kitu kuhusu yai na mbegu, na bado akapata mimba, kwa sababu kilichomkuta njiani hakikuwa swali la Baiolojia.

Lifti na chipsi mayai

Kilichomkuta njiani ni mtu mwenye hela. Joyce Wamoyi, mtafiti wa NIMR Mwanza, ameandika mwaka 2010 kuhusu wasichana wa vijijini na zawadi katika mapenzi. Msichana anaweza kuingia huko kwa kukosa mahitaji, lakini pia kwa kutamani anachokiona kwa wenzake, na kupokea kitu kunaonekana kuwa ni haki, tena ni heshima. Anayetoa bure ndiye anayedharauliwa. Mjini sura inabadilika tu. Bodaboda anamfikisha shuleni bila nauli wiki nzima. Kaka wa duka anamwongezea vocha. Baba mtu mzima mwenye gari la vioo vyeusi anasimama kituoni wakati daladala zinakataa wanafunzi kwa sababu wanalipa nusu nauli, na jua linawaka.

Mnakumbuka tangazo la Fataki kwenye redio, lililoanza mwaka 2008? Yule mzee mwenye maneno matamu, kila akikaribia kumnasa binti mtu anaingilia kati. Jina likaingia mtaani mpaka likawa neno la kawaida: "Achana na huyo, fataki." Tangazo lile lilifanya jambo ambalo darasa halikufanya: lilimgeukia mwanaume, halafu likamgeukia na anayemtazama.

Na hapa, mpenzi msomaji, mimi na wewe hatuko salama sana. Fataki hashuki kutoka mwezini. Ni mfanyakazi mwenzetu anayehadithia vituko vyake Ijumaa jioni huku meza nzima inacheka. Ni mshikaji anayesema "dogo mwenyewe alitaka". Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 haijali alitaka au hakutaka: chini ya miaka 18 ni ubakaji, na adhabu ni miaka 30. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yakaweka miaka 30 hiyo hiyo kwa anayempa mimba mwanafunzi. Meza nzima inajua. Inaendelea kucheka.

Nani aseme, na aseme nini

Wamoyi huyo huyo na wenzake waliangalia pia wazazi wanaongea vipi na watoto wao kuhusu mambo haya. Walikuta maongezi mengi ni maonyo na vitisho, na yanaanzishwa na tukio: mzazi kaona kitu, kasikia habari, binti wa jirani kapata mimba. "Umemwona fulani? Ole wako na wewe." Hapo mtoto hajifunzi kuhusu mwili wake. Anajifunza kwamba likitokea la kutokea, wewe ndiye mtu wa mwisho wa kuambiwa.

Miaka ya 2000 kampeni ya Ishi ilibandika mabango mjini ikiwaambia vijana wasione soo, waongee na wapenzi wao. Hakuna aliyewabandikia bango wazazi na walezi, na soo kubwa liko kwetu.

Tuanze na nani aseme. Hapa wazee wanafaa kuigwa. Kaka na dada wana heshima yao, na kumlazimisha kaka aongee hedhi na mdogo wake ni kumtesa yeye na kumtesa binti. Lakini wifi anaweza. Shangazi anaweza. Bibi anaweza kuliko wote, maana kati ya bibi na mjukuu kuna utani, na katika utani husemwa mambo ambayo mama angekufa kwa aibu. Kwa mvulana kuna mjomba, kuna babu, kuna shemeji. Kaeni wawili, mke na mume, mkubaliane nani anafaa kwa yupi, na yule asiyesema asimvunje nguvu anayesema. Nadhani ugomvi mwingi wa chumbani unaisha hapo, kwa sababu mara nyingi mume hapingi binti kuelezwa. Anaogopa kwamba atatakiwa aeleze yeye.

Mnaongelea wapi? Jikoni mkimenya viazi, garini, mkifua. Mahali ambapo macho hayagongani. Ukimwita sebuleni na kumwambia "kaa hapo tuongee", umeshaharibu.

Na aelezwe nini? Ukweli, bila kuupaka rangi, kwa sababu uongo anaupata bure kwa wenzake. Kwamba mara ya kwanza mimba huingia kama mara nyingine yoyote. Kwamba kusimama, kuoga haraka au kuruka ruka baadaye havizuii kitu. Kwamba yai hutoka kabla ya hedhi, kwa hiyo hata ambaye hajavunja ungo anaweza kushika mimba. Kwamba kuhesabu siku kwa binti wa miaka 14 ni kamari, maana miaka ya mwanzo mzunguko huyumba, na mbegu za kiume huweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano. Kwamba P2, ambazo wasichana wanazimeza siku hizi kama pipi, ni za dharura: zinafanya kazi vizuri zaidi zikimezwa mapema, ndani ya saa 72, hazitoi mimba iliyokwisha kuingia, na hazizuii VVU. Kondomu ndiyo inayozuia vyote viwili ikitumiwa sawasawa. Na kwamba tangu mwaka 2019 kijana wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila ruhusa ya mzazi.

Umwambie pia kwamba kungoja ni jambo zuri na kwamba wewe ungependa angoje. Kwanini usimwambie? Ni imani yako, na kijana ana haki ya kujua mtu mzima anayemheshimu anaamini nini. Muhimu ni kwamba ukishamwambia angoje usifunge mlango hapo. Aliyeambiwa "ngoja" tu, siku akishindwa kungoja anakuwa hana pa kwenda.

Dada wa kazi msimsahau. Ndiye anayebaki peke yake mchana, ndiye fundi bomba na mpeleka gesi wanaomkuta, na wakati mwingine, tuseme bila kuzunguka, hatari iko ndani ya nyumba yenyewe. Mama wa nyumba wengi wanaijua habari ya mimba ya dada pale tu nguo zinapombana, na hatua ya kwanza ni kumkatia tiketi ya basi arudi kwao.

Na mvulana wenu wa kidato cha tatu? Mnamwambia asome, asivute bangi, basi. Akimaliza sekondari bila kesi mnamsifu kwa malezi. Huyu ndiye anayehitaji kusikia, kutoka kwa mwanaume anayemwamini, kwamba msichana aliyekula chipsi zako hajakopa kitu, kwamba akinyamaza hajakubali, na kwamba kondomu ni wajibu wake yeye pia. Simu yake ina picha za kila aina, na huko hakuna anayeomba ruhusa wala anayeshika mimba.

Ikishatokea

Tuseme imetokea. Wiki ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote, na ndiyo wiki ambayo watu wazima hufanya mambo ya ovyo. Msimpige. Msimrudishe kijijini usiku huo huo kwa hasira. Msimwache peke yake pia, maana binti mwenye hofu anapokosa mtu wa kumwambia huanza kunywa alichosikia kwa wenzake: maji ya majivu, sabuni ya unga, dawa zisizojulikana.

Mpelekeni kliniki mapema. Umri wake pekee unatosha kumfanya wa kuangaliwa kwa karibu, na kuanzia hapo hadi kujifungua asikose miadi. Nendeni shuleni mkaongee na mkuu wa shule mapema, iandikwe kwamba anakatiza na anakusudia kurudi, mkajue na taratibu za kurudi kabla hajaondoka. Mkubaliane mtoto atalelewa na nani masomo yakianza tena, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama hata kama mlango wa shule uko wazi.

Halafu kuna kikao. Kila familia inakijua. Upande wa mwanaume wanakuja jioni na maneno ya upole, wanaomba "tumalizane kifamilia". Panatajwa faini, wakati mwingine panatajwa ndoa, na kama ana miaka 15 tu, kinachozungumzwa pale ni kosa la jinai linalotafutiwa bei. Kama aliyempa mimba ni mtu mzima, pa kwenda ni dawati la jinsia na watoto la polisi, hata kama ni ndugu, hata kama ndiye aliyewalipia kodi mwaka jana. Katika kikao cha namna hiyo wanaume wanakaa kwenye makochi, wanawake wawili watatu kwenye mkeka, na binti anayezungumziwa yuko jikoni anachemsha chai ya wageni. Chai achemshe mwingine. Yeye muiteni, mmuulize anataka nini.